Kigeuze kwanza: namna ya kuanza kukusanya antiki na sanaa bila kukurupuka

Kama unafikiria kuanza kukusanya vitu vya kale au kazi za sanaa, cha kwanza kabisa nakwambia acha hela nyumbani uende kuangalia tu. Na sio wiki moja, miezi. Nenda makumbusho, nenda kwenye galari, ingia maduka ya vitu vya kale, halafu usiache siku za kuangalia mali kabla ya mnada, manake minada mingi inaruhusu mtu yeyote aingie siku moja mbili kabla aone vitu bure, na tofauti na makumbusho pale ukiomba kwa adabu unapewa kitu mkononi. Watu wanaona huku ni kupoteza muda. Mimi naona hii ndo raha yenyewe na ndo shule yenyewe, jicho halifundishwi na kitabu peke yake, linafundishwa na vitu vizuri vingi vilivyopita mbele yake mpaka siku kibaya kikipita linashtuka lenyewe kabla hata hujajua limeshtushwa na nini.

Na unapoangalia, usiangalie usoni tu. Kitu cha kale kinasema ukweli kwa nyuma na kwa chini. Anayetengeneza feki anahangaika sana na ule upande utakaoonekana, anaupamba, anauzeesha, ila huku nyuma uvivu unamshika au hajui kulitakiwa kuweje. Kwa hiyo tabia ya kwanza ya mkusanyaji ni kugeuza. Beba tochi ndogo, lenzi ya kukuza mara 10 (ndo wanayotumia hata masonara), futi kamba na daftari. Vinatosha kabisa kuanzia.

Tuchukue droo moja tu

Naomba nikae kidogo kwenye droo ya kabati la mbao, manake ukiijua droo moja vizuri umejua nusu ya fanicha zote za kale. Itoe yote nje, usiivute nusu. Angalia pembeni pale mbao mbili zinapokutana, yale meno yanayoingiliana. Fundi aliyekata kwa msumeno wa mkono meno yake hayalingani, moja nene jingine jembamba, na mara nyingi utakuta mstari mwembamba aliouchora kwa ncha ya chuma ili asipitilize. Mashine inakata yote saizi moja. Afu igeuze chini juu: ubao uliopasuliwa kwa mkono una alama za msumeno zilizonyooka zenye nafasi zisizo sawa, wakati msumeno wa duara unaacha alama za upinde, na ukiona upinde kwa kawaida uko karne ya 19 au baada ya hapo hata kama muuzaji anakwambia 1750. Pitisha vidole taratibu, randa la mkono linaacha mawimbi madogo ambayo jicho linaweza lisiyaone ila kidole kinayasikia. Angalia pia zile kingo za chini droo inapoteleza, kama imevutwa na kurudishwa kwa miaka 150 lazima mbao pale imelika, na haiwezi kulika kwa usawa. Kabati la umri huo ambalo kingo zake bado ziko kali linahitaji maelezo.

Skrubu nazo zinaongea. Za kabla ya katikati ya karne ya 19 mara nyingi hazina ncha kali, na ule mfereji wa bisibisi umekatwa kwa mkono hivyo haukai katikati sawasawa. Skrubu za nyota zimeanza kutumika miaka ya 1930, kwa hiyo ukizikuta kwenye kabati linalosemekana la 1800 ujue kuna mtu amelifungua. Inaweza ikawa ni matengenezo tu, sio utapeli, ila uliza, na bei izungumzwe upya.

Kingine ninachokipenda sana kwenye meza za duara. Mbao hunywea kwa upana wa nyuzi zake, kwa urefu haisogei karibu kabisa, kwa hiyo meza ya duara ya ubao mzima yenye miaka 200 ukiipima na futi kamba pande mbili utakuta kipenyo kimoja kimezidi kingine kidogo. Duara la zamani halibaki duara kamili. Ukikuta limelingana mpaka milimita, basi ama meza ni mpya ama juu yake kumebadilishwa. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na hapa ni kuinama kweli, ingia chini ya meza na tochi yako wala usione aibu, wauzaji wazuri wanapenda mteja anayeinama.

Kauri, fedha na picha za chapa

Kwenye vyombo vya kauri nenda moja kwa moja kwenye kile kitako cha chini. Kikisimama mezani miaka mingi kinapata mikwaruzo inayoenda kila upande, mingine ya juujuu mingine imezama, na uchafu umeingia ndani yake. Kilichokwaruzwa kwa msasa ili kionekane kizee ukikiweka chini ya lenzi mistari yake inaelekea upande mmoja. Gonga taratibu kwa ukucha, kauri nzima inalia kwa muda, yenye ufa inatoa sauti iliyokufa. Pia soma maandishi ya chini. Tangu 1891 sheria ya ushuru ya Marekani ilitaka bidhaa zinazoingia nchini humo ziandikwe nchi zilikotoka, ndo maana sahani nyingi za kuuzwa nje zenye jina la nchi nyuma yake ni za baada ya hapo. Hiyo haina maana kwamba isiyo na jina ni ya kabla, vingine havikupelekwa Marekani kabisa, na jina nalo mtu anaweza kulifuta.

Fedha, yale madini sio hela, ni rahisi zaidi kuitambua kuliko watu wanavyodhani, ukishajua mihuri. Namba 925 maana yake sehemu 925 kati ya 1,000 ni fedha safi. Fedha za Uingereza zina mihuri midogo kwa mpangilio: simba anayetembea kwa ajili ya ubora, kichwa cha chui kwa ofisi ya upimaji ya London, nanga kwa Birmingham, halafu herufi ya mwaka na alama ya fundi. Kuna vijitabu vya mihuri hii, nunua kimoja kabla hujanunua kijiko. Ukikuta herufi EPNS hiyo sio fedha, ni madini mengine yaliyopakwa fedha kwa umeme, inaweza kuwa nzuri na ya zamani lakini usilipie bei ya fedha.

Picha za chapa, yaani zile msanii anazochapa nakala kadhaa kwenye karatasi, ndo mlango mzuri kwa mtu asiye na hela nyingi, kwa sababu msanii mkubwa ambaye mchoro wake wa rangi huwezi kuugusa unaweza ukampata kwa chapa. Hapa lenzi inafanya kazi yote. Ukiona vidoti vya rangi vilivyojipanga kwa mpangilio mmoja, vinavyotengeneza maua madogo madogo, hiyo ni picha iliyopigwa kiwandani toka kwenye fotografia, ni bango tu hata kama ina fremu ya dhahabu. Chapa ya sahani ya chuma iliyochongwa kwa mkono huwa inaacha alama ya kingo za sahani iliyobonyea kwenye karatasi, na wino umenyanyuka kidogo unaweza ukauona ukimulika tochi kwa pembeni. Zile namba za penseli chini kama 12/50 zinamaanisha nakala ya 12 kati ya 50. Kuna watu wanaamini namba ndogo ni bora zaidi. Kwa chapa nyingi haina uzito wowote, angalia hali ya karatasi na ukali wa mistari.

Feki zinavyopita

Hata wataalamu wanadanganywa, na ni vizuri kujua wanadanganywa vipi. Mholanzi Han van Meegeren alichora picha akadai ni za Vermeer, mchoraji maarufu wa Uholanzi wa karne ya 17, alichanganya rangi zake na kemikali za plastiki ya zamani akazioka zikawa ngumu kama za karne ya 17, na moja ikanunuliwa mwaka 1937 kwa ajili ya makumbusho ya Rotterdam baada ya bingwa mkubwa wa wakati ule kuisifia. Nyingine ilimfikia Göring, kiongozi mkubwa wa Wanazi wa Ujerumani, ndo maana baada ya vita mwaka 1945 alikamatwa kwa kosa la kuuza hazina ya taifa kwa adui, na ili kujiokoa ikabidi akiri kwamba alizichora mwenyewe.

Ila kesi ninayowaambia wanaoanza waisome ni ya Wolfgang Beltracchi wa Ujerumani, aliyehukumiwa 2011. Yeye hakunakili picha zilizopo, alichora picha ambazo msanii fulani "angeweza" kuwa amezichora, hasa zile zilizotajwa kwenye katalogi za zamani na kupotea. Afu akazitengenezea ukoo. Mke wake alivaa nguo za kizamani akajifanya bibi yake mwenyewe, akapigwa picha akiwa amekaa na zile kazi ukutani nyuma yake, ikachapwa kwenye karatasi ya zamani, ikawa ushahidi kwamba mali imekaa kwenye familia tangu kabla ya vita. Kilichomuumbua ni picha iliyodaiwa kuchorwa na Heinrich Campendonk mwaka 1914, iliyouzwa mnadani 2006 kwa karibu euro milioni 2.9, ambayo maabara iliikuta na rangi nyeupe ya titani, na mwaka 1914 wachoraji walikuwa bado hawana rangi hiyo. Lebo za nyuma nazo zilikuwa za uongo.

Unaona sasa. Karatasi za historia ya kitu nazo zinahitaji kugeuzwa. Risiti ikiwa na jina la duka, tafuta kama duka lilikuwepo mwaka ule. Lebo ya maonyesho, tafuta katalogi ya maonyesho hayo. Kuna tochi za mwanga wa urujuanimno zinauzwa bei rahisi tu, ukizima taa ukamulika mchoro wa mafuta, vanishi ya zamani hung'aa kijanikijani na sehemu zilizoguswa rangi hivi karibuni zinaonekana mabaka meusi. Karatasi nyingi za kuanzia miaka ya 1950 zina kemikali ya kuifanya iwe nyeupe zaidi, chini ya tochi hiyo zinawaka bluu kali, kwa hiyo mchoro wa "1910" ukiwaka hivyo uuache hapo hapo.

Na jifunze lugha ya katalogi za minada, manake wanachagua maneno kwa uangalifu mno. Jina la msanii likiandikwa peke yake maana yake mnada unasema hii ni kazi yake. Wakiandika "inahusishwa na", wanadhani ni yake ila hawaweki dhamana kamili. "Karakana ya" ni wanafunzi wake, "mzunguko wa" ni watu wa karibu naye, "kwa namna ya" ni mtu aliyemuiga labda hata karne nyingine. "Baada ya" ni nakala. Wanaoanza wanaona jina kubwa wanasahau neno lililotangulia.

Chagua njia yako

Huwezi kukusanya kila kitu. Anayenunua kila kinachomvutia anaishia na stoo. Chagua kitu kimoja chembamba: vitasa vya milango, saa za mfukoni za kipindi fulani, chapa za msanii mmoja, vikombe vya kiwanda kimoja. Ukibana njia, ndani ya muda mfupi unajua zaidi ya wauzaji wengi kuhusu hicho kitu kimoja, na hapo ndo utaanza kukuta vitu vizuri vimelala kwenye boksi la takataka, muuzaji hajui, wewe unajua.

Mfano wangu wa siku zote ni Herbert na Dorothy Vogel wa New York. Mume alikuwa karani wa posta, mke mkutubi. Mshahara wa mke ulilisha nyumba, wa mume ukanunua sanaa, na walikuwa na masharti machache tu, bei waiweze, kitu kienee kwenye kijiflati chao cha chumba kimoja cha kulala, na waweze kukibeba wenyewe kwa teksi au treni. Walikwenda kwenye studio za wasanii ambao bado hawajulikani wakakaa nao, wakaangalia michoro, wakarudi tena na tena. Mwishowe walikuwa na kazi zaidi ya 4,000 na mwaka 1992 ikatangazwa kwamba mkusanyo wao unakwenda National Gallery of Art ya Washington. Hawakuwa matajiri. Walikuwa na jicho na uvumilivu na urafiki na watu wanaotengeneza, na hili la mwisho mimi nalitilia mkazo sana kwa mtu anayependa sanaa ya sasa: nenda studio, nunua kwa msanii akiwa hai, hapo suala la feki linaisha lenyewe na hela inamfikia aliyefanya kazi.

Kuhusu mnada wenyewe, maneno machache. Andika kwenye daftari bei yako ya mwisho kabla hujaingia ukumbini, na ujue juu ya bei ya nyundo, yaani dau la mwisho lililoshinda, kuna kamisheni ya mnunuzi ambayo kwenye minada mikubwa inavuka asilimia 20, na kodi, na usafiri. Omba ripoti ya hali ya kitu. Dau likivuka namba yako funga mdomo. Kitu kingine kitakuja, kinakuja kila mara.

Kimetoka wapi?

Hili sio la kuruka. Mwaka 1970 UNESCO ilipitisha mkataba wa kuzuia biashara haramu ya mali za utamaduni, na makumbusho mengi yanautumia mwaka huo kama mstari, yaani kitu cha kuchimbwa ardhini au cha ibada ambacho hakina karatasi za kuonyesha kilitoka kwao kihalali au kilitoka kabla ya hapo, hawakigusi. Fuata hivyo hivyo. Wizi wa zamani nao haufi, shaba za ufalme wa Benin (uliokuwa Nigeria ya leo) zilizoporwa na jeshi la Waingereza mwaka 1897 zinaendelea kurudi, Ujerumani ilianza kurudisha 2022. Pembe za ndovu biashara yake ya kimataifa imezuiwa tangu 1990 na nchi kadhaa zimebana hata vitu vya kale, magamba ya kasa na baadhi ya mbao adimu nazo zina sheria, kwa hiyo soma kabla hujavuka mpaka na kitu. Interpol wana programu ya simu inaitwa ID-Art, ya bure, ilitoka 2021, unaweza ukatafuta humo kama kitu kimeripotiwa kuibwa. Inachukua dakika chache. Muuzaji akikasirika kwa sababu umeuliza kitu kimetoka wapi, ondoka.

Kuishi nacho

Kimefika nyumbani. Usikisafishe! Namwambia hivi kila mtu na bado kuna anayekimbilia brashi na polishi. Ile rangi ya uzee kwenye shaba, ile ngozi ya mbao iliyoshikwa na mikono kwa vizazi, ndo thamani yenyewe na ikiondoka hairudi, na sarafu ya kale iliyosuguliwa ikang'aa imeharibika tayari. Vumbi toa kwa brashi laini kavu. Mengine mwachie fundi aliyesomea.

Adui mkubwa ni mwanga. Makumbusho wanashusha mwanga mpaka laksi 50 (laksi ni kipimo cha mwanga) kwa karatasi, vitambaa na rangi za maji, hicho ni kiza kiasi kwamba ukiingia macho yanahitaji kuzoea, na sababu ni kwamba uharibifu wa mwanga unajumlishana, hakuna kupumzisha picha ikapona. Kwa hiyo usitundike mkabala na dirisha, na chapa zibadilishe, zingine zilale kabatini zingine ukutani. Nyuma ya picha tumia kadibodi isiyo na asidi, ile ya kawaida inaacha madoa ya kahawia baada ya miaka. Unyevu wa hewa uwe karibu asilimia 50 na usiyumbe sana, kupanda na kushuka ndo kunapasua mbao na rangi. Usifunge kitu kwa nailoni ukakisahau, kinavuta unyevu na kuota ukungu.

Kwenye mbao kuna bungua. Tundu la zamani lina kingo nyeusi zilizolainika, tundu jipya liko safi na chini yake unakuta unga mwepesi. Ukiwa na mashaka weka karatasi nyeusi chini ya kitu, kiache kwa wiki kadhaa, unga ukianguka utauona. Kitambaa chenye nondo kifunge vizuri kwenye plastiki utoe hewa, kiweke friza ya nyumbani ya nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili kamili, ukikitoa usikifungue mpaka kipite siku nzima kisije kikatota. Usifanye hivyo kwa mchoro wa mafuta, pembe, wala kitu chenye vifaa mchanganyiko.

Kushika nako kuna tabia yake: vua pete, ondoa vitu mezani kwanza, shika kwa mikono miwili chini ya kitako, usibebe birika kwa mkono wake wala kiti kwa mgongo. Chuma na fotografia shika kwa glovu, jasho la vidole linaacha alama ambayo inakuja kuonekana baadaye.

Ila usiviogope pia. Vitu vinataka kuangaliwa. Sigmund Freud alikuwa na vitu vya kale zaidi ya 2,000, sanamu ndogo za Misri na Ugiriki na Roma zilijaa mezani kwake pale alipokuwa anaandika, na alipokimbia Vienna 1938 akaenda navyo London. Hiyo naielewa kabisa. Kuna kitu kinatokea ukikaa na kazi moja ukutani kwa mwaka mzima, asubuhi ina sura hii, jioni taa ikiwashwa ina sura nyingine, na siku moja unaona mstari ambao ulikuwa pale muda wote. Makumbusho hawawezi kukupa hiyo, wanafunga saa kumi na moja.

Daftari la mali

Kila kitu kiwe na ukurasa wake siku hiyo hiyo kinapoingia, usiseme nitaandika kesho. Kuna kiwango cha kimataifa kinaitwa Object ID, kilizinduliwa 1997 hasa kwa ajili ya kusaidia polisi kutafuta vitu vilivyoibwa, na ni kizuri kwa mtu wa kawaida: aina ya kitu, malighafi, vipimo, maandishi na mihuri, alama za kukitambulisha kama ufa au kiraka, jina, mada, umri, aliyekitengeneza, na maelezo mafupi. Piga picha mbele, nyuma, chini, na kasoro kwa karibu. Ambatanisha risiti, uliyoambiwa na muuzaji, na bei. Nakala moja iwe nje ya nyumba.

Kila baada ya muda kaa na hilo daftari ujiulize kipi leo usingekinunua. Hicho kiuze au kibadilishe, mkusanyo mzuri unapungua pia, viwili vya wastani vinatoka kinaingia kimoja kizuri. Ukiuza mpe mnunuzi karatasi zote, hata zile zinazoonyesha ulinunua kwa bei ndogo, kwa sababu ile historia ni mali ya kitu sio yako. Na ukurasa wa mwisho andika majina ya watu wawili watatu unaowaamini, muuzaji mwaminifu, mtunzaji, mkusanyaji mwenzio, ili siku wewe haupo familia ijue impigie nani kabla mtu hajaja na gari na kuwaambia atawasaidia kuondoa haya makorokoro.